Mama, meli na korona: tunavyopanga shughuli zetu sasa

 

Kila meli ya kitalii ikitia nanga bandarini Malindi, hakosi shoga wa kututumia ujumbe: "Haya, ile safari ya Mama imefikia wapi?" Swali hilo tumelijibu kibarazani, harusini, hata msibani. Leo tunalijibu kwa urefu, maana nyumba nyingi hapa visiwani zina mama kama wetu, na zina shughuli iliyoahirishwa tangu wakati wa korona ambayo hakuna anayethubutu kuigusa tena.

Kwa msiotujua, sisi ni ndugu wanne, sote wanawake. Wawili tupo Unguja, mmoja yupo Maskati, na mdogo wetu wa mwisho ameolewa Wete. Mama ana miaka 71. Ana sukari, ana presha, na kifua kikimbana usiku hulala amekaa. Mdogo wake wa damu, mama mdogo wetu, alikwenda Oman na mumewe miaka ya 1970, kama zilivyokwenda familia nyingi za hapa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Mama mdogo siku hizi husafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, kwa hiyo safari ya kuja Unguja kwake haipo tena. Wakionana, itakuwa ni kwa Mama kwenda.

Fikra ya meli ilitokana na upatu wetu. Tulianza kuweka mwaka 2017, na mwisho wa 2019 tukawa na fedha za kutosha safari ya siku saba: meli inaondoka Dubai, inazunguka Ghuba, inapita Maskati. Watu walitucheka. Mtu wa kisiwani analipia bahari? Lakini kila mwanamke wa hapa atatuelewa. Shughuli zetu tunazifanya sisi, na sisi ndio hatuzioni. Siku ya harusi Mama yupo uwani anaonja pilau. Siku ya Idi anahesabu sahani. Siku ya hitma anaulizwa sukari iko wapi. Tazama picha zetu za miaka ishirini: Mama hayumo, au yumo na upawa mkononi. Tulitaka tumpate wiki moja mahali ambapo hata akitaka kuingia jikoni haruhusiwi. Tukalipia, safari iwe Machi 2020, kabla ya Ramadhani.

Kilichofuata mnakijua. Februari ile tulikuwa tunatazama habari kila usiku. Meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, abiria na wafanyakazi. Walifungiwa humo wiki mbili, wengine katika vyumba visivyo na dirisha, na mwisho wake watu 712 waligundulika wameambukizwa. Meli nyingine, Westerdam, ilikataliwa bandari moja baada ya nyingine mpaka Kambodia ikaipokea tarehe 13 Februari. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini meli. Ni watu maelfu, wengi wao wazee, wanakula ukumbi mmoja na kuvuta hewa moja, na wafanyakazi wanalala wawili wawili chumba kimoja kidogo huku wakiendelea kuhudumia. Ugonjwa unaopita hewani ukiingia humo, umefika nyumbani.

Tarehe 27 Februari Saudia ikasimamisha Umra kwa wageni. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa hili ni janga la dunia nzima. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza akatangazwa Tanzania, na siku mbili baadaye Zanzibar. Kampuni ya meli ikatuandikia tuchague: turudishiwe fedha au tuweke salio la safari ya baadaye. Tukazitaka fedha zetu. Mama alipoambiwa alisema "kheri", akaenda kumwagia maji milangilangi yake.

Meli ilikuwa rahisi kuiacha. Harusi ndiyo ilikuwa ngumu.

Mdogo wetu alikuwa ameshaposwa, na arusi ilikuwa mfungo mosi mwaka huo huo. Singo, hina, kesha, kisomo, wageni wa Pemba, wageni wa Dar es Salaam, na dada yetu wa Maskati ambaye sasa ndege hana. Nyumba ikagawanyika. Ami yetu, Mungu amrehemu, alisema ajali haina kinga, na anayeandikiwa kufa atakufa hata akijifungia kabatini. Mama akanyamaza. Somo wa bi harusi, mwanamke mtu mzima na msomi wa dini, ndiye aliyemjibu kwa adabu. Alimkumbusha Sayyidna Umar alivyokuwa njiani kwenda Sham na jeshi lake, akapata habari kuwa huko kuna tauni. Hakukurupuka. Alishauriana na Muhajirina, akashauriana na Ansari, akashauriana na wazee wa Kikureshi, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari moja na kuingia katika kadari nyingine. Baada ya hapo ndipo Abdurrahman bin Auf akaja na mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie: nchi yenye tauni usiiingie, na ikikukuta ndani yake usitoke kwa kuikimbia.

Ami akasema, "Basi fanyeni mnavyojua." Kwa ami yetu hiyo ilikuwa ridhaa kamili.

Nikaha ikasomwa barazani, hewa ikipita, watu hawafiki ishirini. Badala ya wageni kukaa sita sita kwenye sinia moja, kila nyumba ilipelekewa pilau yake imefunikwa kawa. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza aliiona harusi ya mwanawe toka mwanzo mpaka mwisho. Yapo waliotununia. Wapo waliosema tunaringa, kwamba tumeona watu ni wachafu. Mmoja hakutusalimia mpaka Idi kubwa.

Ukaja mwanzo wa 2021. Katika mtaa wetu tukawa tunazika mara kwa mara kuliko kawaida, na kila tukiuliza maradhi tunajibiwa "changamoto ya kupumua". Tarehe 17 Februari tukampoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, ambaye wiki chache kabla chama chake kilikuwa kimetangaza hadharani kuwa ameambukizwa. Mwezi huohuo ami yetu akaenda mbele ya haki. Siku tatu za msiba wake tulikaa uani, mlango wazi, na Mama hatukumpeleka. Kaka wa mumewe marehemu, na hakwenda. Mnajua hilo ni zito kiasi gani kwetu. Alikaa chumbani akamsomea Yasini peke yake.

Tunayaeleza haya ili msidhani kwamba tahadhari ni kitu cha bure. Ina gharama yake, na mara nyingi anayeilipa ni mzee tunayesema tunamlinda. Miaka hiyo mitatu Mama alipungua. Hakuugua korona, alhamdulillahi, na chanjo zilipofika nchini mwaka 2021 alichanja. Lakini alipungua kwa kukosa watu. Na Maskati mama mdogo naye akawa anapungua kwa njia yake. Walikuwa wakipigiana simu ya video kila Ijumaa, kila mmoja anamficha mwenzake maradhi yake.

Tarehe 5 Mei mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Halikusema kirusi kimekwisha. Meli zilikuwa zimerudi Dubai na Maskati. Hija nayo, ambayo mwaka 2022 ilifunguliwa kwa mahujaji milioni moja lakini walio chini ya miaka 65 tu, mwaka 2023 iliwafungulia wazee tena. Kwa hiyo tukakaa kikao, watatu hapa kwa Mama na mmoja kwenye simu, kuzungumza kama fedha zile za upatu zirudi kwenye safari yake.

Tukabishana saa nzima. Vipi akipandwa na sukari katikati ya bahari? Vipi kikizuka kingine? Mama alikuwa anachambua mchicha. Akauliza bila kutuangalia, "Wanangu, mnaogopa nisife, au mnaogopa msilaumiwe?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Maana ukweli ni kwamba vyote viwili vimo. Hapa kwetu, mama akifia nyumbani ni siku yake imefika, akifia safarini ni watoto wake wamempeleka. Yeye akaendelea: hofu ya kufa kwake tuwe nayo, ni haki yetu, lakini hofu ya maneno ya watu tusimtwishe yeye.

Toka siku ile tunapanga hivi, na tunawapa kama tulivyo nayo, inshallah yatamfaa mwenye shughuli.

Kwanza, kabla ya tarehe na kabla ya ukumbi, tunamtaja mtu dhaifu kuliko wote atakayekuwepo. Anaweza kuwa mzee, mwenye mimba, mtoto wa selimundu. Shughuli inapimwa kwake. Na yeye mwenyewe anaulizwa, hasemewi.

Pili, mwenye homa au kikohozi haji, na hanuniwi. Anapelekewa sinia lake nyumbani. Tumeiweka hii kama kanuni ya ukoo mzima, ili asiwepo wa kuogopa kuonekana ameringa. Na maradhi yanatajwa kwa jina lake, watu wajue wajikinge na nini.

Tatu, tunachagua hewa. Uwa ni bora kuliko ukumbi uliofungwa madirisha. Kwenye meli tutalipia chumba chenye kibaraza, hata kama itatubidi tukose matembezi mawili ya nchi kavu.

Nne, karatasi zisomwe kabla ya fedha kutoka. Hadi tarehe gani unaweza kughairi na kurudishiwa? Bima inalipa matibabu ya melini, na inalipa kukushusha na kukupeleka hospitali ya nchi kavu? Zahanati ya meli siyo hospitali, na mgonjwa hutozwa.

Tano, dawa. Daktari wa Mama atamwona kwanza na kuandika barua yenye majina ya dawa zake. Tunabeba za siku mara mbili ya safari, katika mikoba miwili tofauti, na insulini haiingii katika mizigo ya chini ya ndege, inakaa mkononi.

Sita, tunapanga pia jinsi ya kutokwenda. Mtu mmoja anajua tangu leo kwamba Mama akighairi, yeye ndiye atakayebaki naye. Hivyo hakuna wa kumlaza Mama akijiona yeye ndiye aliyeharibu safari ya watu.

Na inshallah tunaisema mwanzo wa kikao. Tulikuwa tumezoea kuisema mwishoni, kama mtu anayefunga mlango. Tukiisema mwanzo tunakumbuka kwamba kila tunachopanga kina mwenyewe, na kazi yetu ni kukipanga vizuri.

Mama naye alitoa sharti lake. Alipoelezwa kwamba meli itasimama Maskati siku moja tu, alitutazama kama tuliomtukana. "Nikamwone Bi Mdogo saa nane, kama mtalii anaangalia ngome?" Kwa hiyo safari imegeuzwa. Atakwenda Maskati kwanza kwa ndege, na dada yetu atampokea. Atakaa nyumbani kwa mdogo wake siku kumi na tano, akienda naye hospitali siku za kusafishwa damu na kukaa naye pale saa zile nne. Baada ya hapo, kama sote wazima na daktari ameridhia, tutakutana Dubai tupande meli siku saba, sisi wanne na yeye. Mmoja wetu akiwa na homa, tutabaki nchi kavu sote na hakuna atakayenung'unika. Tumeliandikiana hilo.

Tumekata tiketi za ndege wiki iliyopita. Za meli tumelipia amana tu, ile inayorudishwa. Mama ameshaanza kukausha mbata na kutafuta karafuu nzuri za Pemba za kumpelekea mdogo wake. Tulipomwambia kwamba meli itapita Matrah siku ya tatu na anaweza kushuka akamwona tena, alihesabu kwa vidole, akasema basi atagawa: nusu ya karafuu atampa akifika, nusu atampa siku ile.

Muombeeni safari njema, na mama mdogo muombeeni afya. Na ninyi wenye shughuli mlizoziweka kabatini toka mwaka ule, zitoeni, muulizeni Mama.