Bei ya kumwaga oili, kutoka Dar mpaka Lupingu

Hapa Njombe, Julai hii mtu anaoga kwa kujadiliana kwanza na nafsi yake. Nimekuwa kimya kwa muda. Sababu moja ni kazi, nyingine ni gari, na leo nazungumzia gari.

Wanaonifahamu wanajua nina RAV4, ile ya zamani ambayo Bongo tunaiita Kilitaimu. Tulichanga watatu: mimi, kaka yangu na Mama. Ilitoka Japani kwa meli kama ndugu zake wote, ikalipiwa ushuru pamoja na ule wa uchakavu (wenzetu Kenya wameamua gari likizidi miaka 8 haliingii kabisa, sisi tumeamua liingie ila ulipe), ikapanda mpaka huku nyanda za juu. Tangu hapo imekuwa gari ya ukoo. Harusi, msiba, mgonjwa, viazi, yote ni yake.

Mwezi uliopita Mama akaniambia, "Mwanangu, arobaini ya mjomba wako imefika. Nataka twende Lupingu." Kwa ambao hawapajui, Lupingu ni kijiji cha wilaya ya Ludewa, chini kabisa, mwambao wa Ziwa Nyasa. Mjomba alikuwa ameoa kule na kule ndiko alikozikwa. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko chini ya mita 500. Tofauti hiyo yote unaishuka kwa gurudumu, na sehemu kubwa ya mwisho ni milima ya Livingstone inayoporomoka kwenda majini kama ukuta.

Nikasema hapana, gari isishuke kule bila sevisi. Na kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, ugonjwa wangu ni kuuliza. Badala ya kwenda kwa fundi wangu wa siku zote, nikaona hapa kuna stori. Nitalinganisha bei za sevisi ya kawaida kuanzia kwa wakala rasmi wa kampuni ya magari kule Dar mpaka kwa fundi wa chini ya mti, niweke jedwali, nimtumie mhariri. Nilishakipata mpaka kichwa cha habari. Kilikuwa na neno "ulaji" ndani yake. Mhariri akakipenda kabla hajasoma hata mstari mmoja.

Nikaanza na Dar. Dada aliyepokea simu ana sauti ya redio. Akaniuliza namba ya chesisi, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba gari hiyo si waliyouza wao, ilitengenezwa kwa soko la Japani, lakini wanaweza kuihudumia, "ila baadhi ya spea tutaagiza". Nikamwambia sitaki makubwa, nataka sevisi ndogo. Akanitumia hesabu kwa WhatsApp: oili lita 4 ni 136,000, filta ya oili 38,000, washa ya boliti ya kumwagia oili 4,000, ufundi 110,000, vifaa vidogo vidogo 12,000. Jumla 300,000. Juu yake VAT ya asilimia 18, yaani 54,000. Shilingi 354,000 kumwaga oili! Nilimwonyesha Mama, akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akauliza, "Na gari wanarudisha?"

Gereji moja kubwa ya Mbeya, yenye risiti ya mashine na sehemu ya kukaa yenye televisheni, ikaniambia 185,000. Hapa Njombe nikajumlisha mwenyewe dukani na kwa fundi: oili 78,000, filta 15,000, fundi 15,000. Inakuja 108,000. Makambako, oili ileile chapa ileile 72,000, filta 12,000, fundi 15,000. Inakuja 99,000.

Makambako kuwa rahisi kuliko Njombe hakushangazi mtu anayeijua Makambako. Ule mji ni njia panda. Reli ya TAZARA inapita pale, barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita pale, na ya kuja Njombe mpaka Songea inaanzia pale. Malori yanalala pale. Penye malori pana mafundi, penye mafundi pana maduka ya spea, na maduka yakiwa mengi bei inajishusha yenyewe. Sisi wa Njombe tunaongezewa nauli ya zile kilometa 60 hivi za kupanda. Ukitaka kubishana na hilo, kanunue filta, utaelewa.

Basi, tofauti ya Dar na Makambako ni 255,000. Sitataja mimi nalipwa kiasi gani kwa habari moja, mhariri asije akanuna, ila nawaambia ni habari nyingi. Na hapo sijaweka mafuta ya kwenda Dar, zaidi ya kilometa 600 kwenda peke yake. Nikaenda Makambako.

Fundi wa pale ni mtu wa makamo, mikono yake imeingia oili mpaka kwenye mistari ya kiganja. "Kamwene," akanisalimu, nikamjibu. Akaniuliza, "Tunafanya nini, kaka?" Nikamjibu, "Kumwaga oili na filta." Kumbukeni hilo jibu langu. Alifanya kazi safi kabisa. Aliacha oili itiririke mpaka tone la mwisho, alipaka oili mpya kwenye raba ya filta kabla ya kuifunga, alipima kwa kijiti mara mbili. Dakika 40. Nikalipa 99,000 bila risiti, nikapiga picha kwa ajili ya gazeti, nikarudi Njombe najiona mjanja.

Jumamosi alfajiri tukaondoka. Mama mbele, shangazi wawili nyuma, mchele, sukari na blanketi za wafiwa. Itoni, kisha ile barabara ya zege kutoka Lusitu mpaka Mawengi, kilometa 50 za zege tupu katikati ya milima. Kama hujawahi kuendesha pale, nenda, unajihisi uko juu ya meza. Ludewa tukanywa chai. Baada ya Ludewa ndipo safari yenyewe ilipoanza.

Mteremko wa Lupingu haukuonei ghafla. Unakupa kona moja ya upole, ya pili ya upole, kisha unaliona ziwa chini yako, buluu, limetulia, na Malawi ng'ambo kama ukungu, shangazi zako wanaanza kuimba... na wewe dereva mguu umeuweka kwenye breki muda mrefu bila kujua. Gari ni otomatiki. Nilikuwa kwenye D. Ndiyo, wazee wa magari, nimekiri. D.

Kwanza ikaja harufu, kama ya pasi iliyosahauliwa kwenye nguo. Mama akasema, "Nini kinaungua?" Nikasema ni mashamba ya watu. Kona iliyofuata nikakanyaga breki na pedali ikaingia ndani laini, kama unakanyaga mkate. Nikakanyaga tena, ikaenda mpaka chini. Gari haikusimama. Ilipungua kidogo tu, kama mtu anayefikiria kusimama.

Sitaipamba hii sehemu. Nilivuta gia kwenda 2, kisha L, injini ikalia, nikavuta handibreki kidogo kidogo, na nikaipeleka gari upande wa mlima, kushoto, kwenye udongo. Ikakwaruza, ikapanda kidogo, ikasimama. Kulia kwetu hakukuwa na kitu. Shangazi walikuwa wameacha kuimba zamani. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameshika mkono wangu wa kushoto, ule uliokuwa kwenye handibreki, na aliendelea kuushika baada ya gari kusimama. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Ana miaka 61.

Tukakaa pale karibu saa nzima. Magurudumu ya mbele yalikuwa na joto ambalo ungelihisi ukiwa hatua mbili mbali. Joto lilipopungua pedali ikarudi juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tukamalizia mteremko kwa L, mwendo wa mtembea kwa miguu. Kweli kuna kijana mwenye ndoo ya dagaa alitupita.

Kule kijijini, baada ya arobaini na ugali kwa mbasa (nikipata nafasi nitaandika kuhusu mbasa peke yake, anastahili), mzee mmoja ambaye zamani aliendesha malori akaniambia, "Fungua boneti, mjukuu wangu." Hakugusa injini. Alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kijiti cheupe, akakiinua. Kilitoka cha rangi ya kahawa. Akaniuliza nimebadilisha lini. Nikakaa kimya. Sijawahi.

Sasa hapa ndipo elimu niliyopaswa kuitafuta kabla ya kuandika kichwa cha habari. Mafuta ya breki yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa, taratibu, hata kama gari imepaki. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishalewa maji, kiwango chake kinashuka mpaka 140. Ukiburuza breki kwenye mteremko mrefu unazifikia nyuzi hizo bila shida. Yakichemka yanafanya mapovu ya mvuke, na mvuke unaminyika, tofauti na mafuta, ambayo hayaminyiki. Kwa hiyo mguu wako unaminya mvuke na breki haipati kitu. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inakuwa ngumu tena. Ushauri wa kawaida ni kuyabadilisha kila miaka 2.

Na gari yangu? Kuna stika ndogo ya Kijapani kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Nilikuwa naiona kila siku, namba 25 na kilometa kadhaa, nikidhani 25 ni tarehe. Jamaa yangu aliyewahi kusoma Japani akanicheka: hiyo ni mwaka wa 25 wa Heisei, yaani 2013. Ni stika ya kumwaga oili. Wajapani gari zao zinapita ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka 2, na mafuta ya breki hubadilishwa zaidi kwenye ukaguzi huo. Kwa maana nyingine, yale niliyoteremka nayo Lupingu nikiwa na mama yangu yanaweza kuwa yaliwekwa na fundi wa Kijapani zaidi ya miaka kumi iliyopita, yakavuka bahari, yakapanda Kitonga, na hakuna mtu aliyefungua kile kifuniko.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Makambako, nikiwa na hasira tayari. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono. "Kaka, uliniambia kumwaga oili na filta." Nikakosa la kusema. Akaniita nishuke nikae kwenye pedali, "kanyaga... shikilia... achia", gurudumu moja moja, mpaka mafuta yakaanza kutoka meupe kama maji ya mchele uliooshwa sana. Chupa mbili za DOT 4, 24,000. Ufundi 15,000. Na pedi za mbele nazo zilikuwa zimeungua, jozi 45,000. Jumla 84,000.

Usiku ule nikafungua tena ile hesabu ya Dar kwenye simu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo nilipoandaa jedwali langu niliyakata kwa sababu hayakuwa na bei, kulikuwa na mstari: ukaguzi wa breki, mafuta ya breki, taa, matairi na sehemu za chini, umo ndani ya ufundi. Nikampigia yule dada wa sauti ya redio. Wangekuta mafuta yamechakaa wangefanyaje? Akasema wangeniambia nibadilishe, kwa 95,000 kabla ya VAT. Kwa hiyo sijasema Dar ni rahisi. 84,000 za Makambako ukijumlisha na zile 99,000 ni 183,000, pamoja na pedi mpya, na bado ni nusu tu ya bei yao ya kumwaga oili peke yake. Wanachotuzidi ni kwamba wana karatasi inayomlazimisha mtu kufungua kifuniko ambacho mteja hajakitaja.

Nikampigia mhariri, nikamwambia jedwali langu lina kasoro, kwamba nimelinganisha vitu viwili visivyo kimoja nikaviita sevisi. Akauliza kama namba ni za uongo. Nikasema namba ni za kweli. "Sasa tatizo nini?" Tulibishana. Habari haikutoka, na nafasi yake ikachukuliwa na mkutano wa wadau wa parachichi, ambao pia niliuandika mimi, kwa hiyo sikupoteza kila kitu.

Siku hizi kwa fundi wangu naenda na karatasi niliyoiandika kwa mkono: oili, filta, kijiti kwenye mafuta ya breki, unene wa pedi, maji ya rejeta, mikanda, bushi za mbele. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aliniomba aipige picha. Anaongeza 5,000 kwa kuikagua yote na nampa bila kubishana.

Mama anataka kwenda tena Lupingu mwezi wa kumi, kuna ubarikio wa mtoto wa binamu. Jana wakati wa chakula akaniuliza, bila kuinua macho kwenye sahani, kama ile L bado naikumbuka ilipo.