Dripu na Mtoto wa Unyafuzi

Nilipoanza kazi ya uuguzi wodi ya watoto, huku milimani Mbinga, dripu ndiyo iliyokuwa matibabu yenyewe machoni pa watu. Mama alifika kutoka Namswea na mtoto mgongoni: anaharisha, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundunyekundu, viganja baridi. Nyumbani wamekwisha kusema kabemendwa. Na huku kwetu Umatengoni kuna mashamba ya ngoro yaliyojaa mahindi na maharage! Mtoto kaachishwa ziwa, kabaki na uji mtupu.

"Sista, hamumwongezei maji?" Hilo lilikuwa swali la kwanza. Akiwekewa chupa, mama alitulia. Watoto wengine usiku huohuo walianza kuhema kwa kasi, ini likavimba chini ya mbavu, wakafariki, na ikasemwa wamecheleweshwa nyumbani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 ulitufikia polepole. Ulieleza kwamba kwa mtoto aliyedhoofu hivyo hata msuli wa moyo umekonda. Sodiamu imejaa ndani ya seli, potasiamu imepungua. Ukimjaza maji, moyo hauwezi kuyasukuma, yanaishia mapafuni. Tena macho yaliyozama na ngozi iliyolegea anavyo hata kama hajakaukiwa. Basi dripu ikabaki kwa mwenye mshtuko tu, aliyepoa mikono, mapigo membamba ya haraka, fahamu zimefifia: mililita 15 kwa kila kilo, kwa saa nzima.

Mtoto wa kilo 6 hupata mililita 90 kutoka chupa ya 500. Unakaa na saa mkononi unahesabu matone, kama 30 kwa dakika. Kila dakika 10 unapima tena: pumzi zikiongezeka 5 na mapigo 25, unafunga. Akipata nafuu, unarudia mara moja, kisha maji ya chumvichumvi kwa mrija wa puani. Asipopata, damu, taratibu, kwa saa 3. Sukari, antibayotiki na blanketi havisubiri.

Mwaka 2011 ukaja utafiti wa FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa: takriban 10 kwa 100, dhidi ya 7. Wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa, lakini sisi wa wodini tulizidi kuiogopa chupa.

Kumbe hofu hiyo kwa watoto wetu haikuwa na ushahidi mwingi. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya watoto 272 wa Kenya, Uganda, Niger na Nigeria, wenye utapiamlo mkali na kuharisha: dripu haikuzidisha vifo wala kuvipunguza kuliko maji ya kunywa, na moyo haukuonekana kuelemewa.

Nimeyapokea kwa furaha. Ila watoto wale walikuwa na watu wa kuwatazama kila mara. Kwenye zahanati ya kijiji, usiku wa masika, mhudumu ni mmoja na chumba cha pili kuna mama anajifungua. Hapo bado naanza na mrija wa puani.