Jeep Yetu ya Zamani

Wengine hutuuliza: ninyi watu wa amani, mwatunza motokari ya vita kwa nini? Sisi watatu, tunaokaa Ubelgiji, siku za mapumziko twatengeneza Jeep moja ya jeshi la Marekani.

Tangu mwaka 1941 hata 1945 viwanda vya Willys na Ford viliunda zaidi ya 600,000 za namna hii. Injini yake ina silinda nne na nguvu za farasi 60. Umeme ni wa volti 6 tu. Kazi yataka uvumilivu: kutoa kutu, kutia grisi, kubadili mafuta, kukaza breki. Tena lazima itembee, maana motokari inayolala huharibika upesi.

Ford walipiga herufi F juu ya bolti zao. Jeep yetu ni ya Willys, lakini tukisugua kutu twaona F hapa na pale. Ndiyo kazi ya mafundi wasiojulikana, waliotoa vyombo vizima katika gari iliyovunjika, wakaponya nyingine. Hao ndio twawakumbuka.

Rafiki mmoja alitushauri tuchore alama ya kikosi kilichopigana Bastogne mwaka 1944, ili watu wastaajabu. Tukakataa. Hakuna karatasi inayoshuhudia kwamba ilifika huko, na huko watu walikufa kweli. Tumechora nyota nyeupe ya jeshi, basi.

Anayetunza kitu cha zamani, atunze na ukweli wake.