Kitabu mzuri

Siku ya kuonyesha kazi yangu, mbele ya walimu wawili, programu iliandika "kitabu mzuri". Miezi minne nilikuwa nikijigamba kwamba haiwezi.

Niliijenga katika Coq, lugha ambamo aina ya kitu inaweza kutegemea thamani. Nomino hubeba ngeli ndani ya aina yake, kivumishi vilevile, na kanuni ya kuviunganisha hudai ngeli moja. Humo kosa la upatanisho halisahihishwi, haliandikiki kabisa. Ila nilihitaji ukurasa wa kuingizia maneno, basi nikaitoa programu kwenda OCaml, na ukurasa nikauandika huko kwa mkono.

Wakati wa kuitoa, Coq hufuta ithibati, na ngeli huondoka katika aina: nomino zote zikawa aina moja tu. Kanuni ilibaki sahihi. Ukurasa wangu ndio uliovunja sharti lake, maana kwa uvivu nilikuwa nimekipa kila kivumishi ngeli ya kwanza, na OCaml haikuwa na sababu ya kunikatalia.

Sasa mlangoni kuna kipimo cha ngeli mbili: zikilingana, kirai kinatoka, zisipolingana, jibu ni "hakuna". Nimekithibitisha upande wa Coq, ili upande wa pili usiachiwe sharti la kukumbuka.

Mama aliposikia alicheka. Kwetu Lubumbashi tunasema "kitabu muzuri" na hakuna anayeshtuka. Mwalimu ameniomba niongeze sarufi hiyo pia, nami bado sijaamua: ngeli zake niziweke ndani ya aina, au nje?