Asumini ya Chunguni na Udongo Wake

Siku hizi wengi mnaokuja kwetu kupima nguo za harusi mnatuuliza na asumini pia. Mnataka vikuba vya maua yaliyochumwa nyumbani kwenu, na sisi hilo linatufurahisha sana. Tatizo ni kwamba mnachota udongo wowote uani, mnajaza ndoo ya rangi, na mnapanda asumini, mrehani na mshubiri kwa udongo ule ule.

Udongo wa uani una minyoo na mizizi ya kuulegeza. Ukiutia chunguni peke yake na kuumwagia maji kila siku, hushikana ukawa kama tofali, na mizizi ikakosa hewa. Kwa asumini tunachanganya makopo mawili ya kichanga, moja la mboji iliyooza vizuri na moja la nyuzi za makumbi. Samadi ya kuku tunatia kidogo tu, tena iliyokaa muda mrefu. Mbichi huunguza mizizi, na ikizidi mtapata majani tele na maua haba. Sasa kikuba cha majani nani atakivaa?

Makumbi yana jambo lake. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusuka kamba yamejaa chumvi. Yarowekeni kwenye maji baridi siku tatu, mkibadilisha maji kila siku. Mchanga wa ufukweni ndio msiuguse kabisa.

Wenzetu wa maweni, huko Makunduchi na Jambiani, mtaona asumini inageuka manjano huku mishipa ya jani imebaki kijani. Msizidishe maji. Ardhi yenu ni ya mawe ya matumbawe, ina chokaa nyingi, na chokaa huuzuia mmea kupata madini ya chuma. Ombeni gunia la kichanga kwa jamaa wa upande wa mashamba, na chini ya chungu wekeni vigae vya matofali ya udongo badala ya kokoto za matumbawe.

Mrehani wenyewe mlafi, uongezeeni mboji. Mwaridi hupenda kinongo, ule udongo mwekundu mzito, uliolegezwa kwa samadi iliyooza. Mshubiri ni kinyume chao wote: nusu nzima iwe mchanga wa shimo, na maji pale udongo ukauke kabisa.

Bi harusi anayehamia ghorofani, tuseme Michenzani, azidishe makumbi apunguze kichanga, ili chungu kisiwe mzigo barazani. Tundu za chini ziwe wazi, na sahani ya kukinga maji iwepo, maana jirani wa chini naye ana nguo zake kwenye kamba.