Kaburi la Nyali Lilinifunza Kunyamaza



Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, mimi na mdogo wangu tulifunga safari ya kutembea Mombasa. Tangu tuolewe hatukuwahi kusafiri pamoja. Kila mmoja ana nyumba yake, watoto wake na shamba lake. Tulikutana misibani na harusini tu. Basi tuliweka akiba kidogo kidogo, tukaagana na waume zetu, tukaondoka Kiberege alfajiri. Tulilala Dar es Salaam, na kesho yake tukapita Tanga na kuvuka mpaka pale Horohoro.

Siku ya kwanza tuliingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mdogo wangu alishangaa kuona jina la Mwokozi limewekwa mahali pa mizinga. Siku ya pili alinivuta hadi mtaa wa Biashara kununua kanga, ambazo kule huziita leso. Nilinung'unika kwamba kanga hata Ifakara zipo, naye akanicheka. Jioni tulikula mihogo ya kukaanga ufukweni kama tulivyokuwa wasichana.

Siku ya tatu, mama wa kanisa tuliyefikia kwake alituvusha daraja la Nyali. Tulianzia Kengeleni, kwenye kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele hiyo iliwaonya watu hatari inapokaribia. Kutoka hapo alitupeleka kwenye kaburi la Rosine Krapf.

Wengi wetu tumesikia habari za mumewe, Johann Ludwig Krapf, mmisionari ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882. Walifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache tu baadaye Rosine alijifungua mtoto wa kike huku akiwa na homa kali. Alifariki Julai ya mwaka huo huo, na baada ya siku chache kichanga naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa.

Mimi ni muuguzi, tena wa bonde lenye mbu wengi. Nilielewa upesi. Siku hizi mama mjamzito akija kliniki hupewa chandarua na vidonge vya kumkinga na malaria. Rosine hakuwa na hayo.

Mwenyeji wetu akasimulia kwamba Krapf hakurudi kwao, bali aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile liwe mwanzo wa kazi ya Injili pwani hii. Nilifurahi. Nikageuka nimwambie mdogo wangu, "Unaona jinsi Mungu anavyogeuza msiba kuwa baraka?" Nikamkuta ameketi chini, amejifunika uso kwa kanga yake mpya.

Miaka 12 iliyopita alizaa mtoto wa kike, mfu. Akina mama wachache walimzika nyuma ya nyumba, yeye akiwa bado hospitalini. Mimi nilifika siku ya tatu. Nilimpima presha, nikamwambia asilie sana, Mungu atampa mwingine. Naye Mungu alimpa wavulana wawili, nami nikahesabu kuwa nilisema kweli. Hatukuyazungumza tena.

Pale kaburini alisema, "Dada, huyu mwanamke amezikwa na mwanawe, na watu wanakuja kuwatazama. Wa kwangu hukuniuliza hata siku moja alifanana na nani."

Nilikosa la kusema. Nikaketi naye. Baada ya kitambo nikamwuliza, "Alifanana na nani?"

"Na mama. Nywele nyingi, na kidevu kile kile."

Tulilia wote wawili, tukamlilia mtoto ambaye mimi sikupata kumlilia.

Wapendwa, rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Hapo walifanya vema. Walikosea walipoanza kumfundisha. Mimi niliziruka zile siku saba, nikaanza na mafundisho. Imani yangu haikuwa na kosa, wala maneno yangu hayakuwa ya uongo. Lakini niliyatumia kumfunga mdomo mdogo wangu, kwa sababu machozi yake yalinitisha.

Tangu nirudi, tukienda na akina mama wa kanisa kumtazama aliyepoteza kichanga, sianzi na "utapata mwingine". Naketi. Akitaka kusema, namwuliza habari za mtoto wake. Wengine hunyamaza. Wengine huanza kusimulia, na maombi tunayaacha mpaka amalize.

Mdogo wangu amempa binti yake jina la mama yetu. Mwezi uliopita tulipanda mwembe mahali alipozikwa.