Safari Zetu za Milimani na Visiwani Tukiwa Ughaibuni

Mnatuuliza kila mara: "Nyinyi watoto wa Kizanzibari, huko Uskoti mnafuata nini mlimani na baridi lote hilo?" Leo tumekaa na daftari letu la safari, chai ya tangawizi mbele yetu, tuwajibu.

Sisi ni watano. Watatu tumezaliwa Unguja, wawili Pemba, na sote tunaishi Glasgow na familia zetu. Utotoni mlima wetu ulikuwa Masingini, na hata huo tuliupita kwa gari. Huku tukajikuta maisha yetu ni kazi, watoto, dobi, na kiza cha saa kumi jioni mwezi wa Disemba. Mmoja wetu alianza kulia jikoni bila sababu. Daktari akamwambia pamoja na dawa atembee nje. Tukasema hatembei peke yake.

Safari zetu huanzia kwenye pesa. Tunacheza upatu mdogo, kila mmoja pauni 20 kwa mwezi, na tumewekeana sharti: pesa za kutuma nyumbani hazigusiki. Ikiwa mama wa mtu anaumwa Wete au ada ya mdogo wake haijalipwa, safari inangoja. Mlima haukimbii.

Mlima wetu wa kwanza ulikuwa Ben Lomond, mita 974. Unaanzia Rowardennan, pembezoni mwa ziwa Loch Lomond, na kwenda na kurudi ni kiasi cha kilomita 12. Tulisoma kwamba ni saa nne au tano, tukaona si kitu. Tukaenda mwezi wa Oktoba, mmoja kavaa raba za sokoni, mwengine kabeba sambusa za kutosha harusi, na hakuna aliyebeba tochi. Tulipopita nusu ya njia ukungu ukashuka. Hatukuwa tukionana hatua kumi. Wawili wakataka kuendelea kwa kuwa "tumeshafika", mwenye raba akawa anatetemeka na hasemi kitu. Tuligombana pale pale, kwa sauti, Waskoti wakitupita wakitusalimia kwa adabu. Mwisho tukarudi, na ndani ya gari hakuna aliyezungumza mpaka Glasgow.

Usiku ule yule mwenye raba akatuma ujumbe: "Niliogopa kusema." Tangu siku hiyo sharti la pili likaandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari: yeyote akisema turudi, tunarudi sote, na haulizwi sababu. Wazee wetu walishasema, kawia ufike.

Sasa tunapanga hivi. Siku tatu kabla tunatazama utabiri wa hali ya hewa ya milimani, si wa mjini, kwani mjini kunaweza kuwa na jua na kileleni upepo wa kukuangusha. Kila mtu ana buti, koti la mvua, soksi za akiba, tochi ya kichwani na filimbi. Ramani ya karatasi tunabeba hata kama simu ina chaji. Tunamwachia mtu nyumbani njia tutakayopita na saa ya kurudi. Kuanzia Mei mpaka Septemba tunachukua vyandarua vya uso, maana visubi vya Uskoti wallahi mbu wa Unguja ni wapole.

Na Sala nayo ina mahali pake kwenye mpango. Ben Lomond si mbali kiasi cha kupunguza Sala, basi tunaondoka mapema na Adhuhuri tunasali njiani, nyuma ya jiwe linalokinga upepo, tukielekea kusini-mashariki. Safari ndefu tunakusanya na kupunguza kama tulivyofundishwa chuoni. Maji ya kutawadha hayakosekani, vijito viko kila mahali, ila ni ya barafu. Hapo ndipo khofu zetu za ngozi zinapotufaa: ukizivaa na udhu, msafiri anapangusa juu yake siku tatu na nyusiku zake.

Ben Lomond tuliurudia mwezi wa Mei, tukafika juu. Sambusa zililiwa zote.

Lakini safari tunayotaka kuwasimulia ni ya kisiwani. Mwaka jana tulipanga kwenda Lewis na Harris, kisiwa cha kaskazini-magharibi. Mpango ulikuwa gari mpaka Ullapool, kiasi cha saa tano, kisha meli ya saa mbili na dakika 45 hivi kuvuka bahari ya Minch mpaka Stornoway. Tulifurahi. Mwenzetu mmoja wa Pemba alinyamaza, akakusanya vikombe akaenda kuviosha.

Tulipaswa kujua. Usiku wa Septemba 10, 2011, meli iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Mamia walifariki. Kila nyumba kwetu ina jina lake la siku ile. Yeye alimpoteza mama yake mdogo, aliyemlea. Tangu hapo hakupanda chombo cha baharini. Akienda likizo Pemba hupanda ndege ndogo, na likizo nyingine haendi kabisa.

Tukamwambia basi sote tupande ndege, ipo ya kutoka Glasgow mpaka Stornoway. Akakaa wiki nzima, kisha akasema: "Nataka kuuliza maswali kwanza." Akawaandikia wenye meli. Inachukua abiria wangapi? Mnawahesabu? Majaketi ya kuokolea yako wapi, na ya watoto je? Upepo ukizidi mnafanya nini? Wakamjibu yote, hata lile la mwisho: tunaahirisha. Akachapisha majibu akayabandika kwenye daftari.

Siku yenyewe gatini Ullapool tulisimama naye pembeni. Tulimkumbusha sharti la ukurasa wa kwanza. Magari yaliingia, watu wakaingia, sisi bado tumesimama. Akasoma dua ya safari mara tatu, akaingia. Safari nzima alikaa nje kwenye ubaridi, mkono mmoja kwenye chuma, mkono mmoja kwetu, tukipokezana kila nusu saa. Hakusema mengi. Katikati ya Minch alisema tu: "Yeye alikuwa amelala. Walituambia wengi walikuwa wamelala." Hatukuwa na la kujibu. Tulimshika.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa, tukasali katika msikiti wa Stornoway, uliofunguliwa mwaka 2018. Mdogo, lakini umekaa. Jumamosi tukapanda Clisham kule Harris, mita 799, mfupi lakini unakwenda wima kama ngazi. Kisha tukashuka ufukwe wa Luskentyre: mchanga mweupe, maji ya kijani, ungeapa uko Jambiani mpaka utie mguu. Juni jua linazama baada ya saa nne usiku, basi Isha ilitukuta bado tunaangalia mbingu.

Nasaha kwa atakayekwenda: Jumapili wenyeji wa kule wanaitukuza sana siku yao ya ibada. Maduka mengi yanafungwa. Nunua chakula na petroli Jumamosi, na usianike nguo nje. Sisi tulikaa kimya pamoja nao, tukaona raha. Watu wanaosimamisha kazi kwa ajili ya Mungu si wageni kwetu.

Jumatatu asubuhi mwenzetu akasema: "Kurudi siwezi." Hakuna aliyeuliza. Wawili wakampeleka kwa ndege, watatu... samahani, wawili waliobaki wakarudi na gari kwa meli. Mnaona, hata leo tukihesabu tunamhesabu melini pamoja nasi, kwa kuwa alivuka.

Sasa daftari limefunguliwa tena. Tunafikiria St Kilda, mbali zaidi magharibi baharini, ambako wakaazi 36 wa mwisho waliondoka wenyewe kwa ombi lao Agosti 29, 1930. Boti za kwenda huko ni ndogo, na safari huahirishwa mara kwa mara kwa mawimbi. Majina manne yameandikwa. Mbele ya jina la tano ameweka alama ya kuuliza kwa mkono wake, na tumeiacha hapo hapo.

Tuombeeni, nasi tunawaombea. Na wewe dada unayelia jikoni ugenini, tafuta wenzio, mtoke.